Madoa Meusi Kwenye Mawaridi ya Baba

Asubuhi za kijijini kwetu Genkuru wakati ule zilinuka dizeli na mawe yaliyosagwa. Dhahabu ilikuwa imewatoa watu mashambani, na karasha, mashine ya kuvunja mawe, ilinguruma ng'ambo ya barabara tangu alfajiri. Vumbi lake lilitua kwenye maziwa, kwenye mashuka, kwenye nywele zetu. Lilitua pia kwenye mawaridi mawili yaliyoota juu ya kaburi la baba, nyuma ya nyumba. Baba alifukiwa na shimo la machimbo. Kabla ya dhahabu alikuwa mtunza bustani misheni, na waridi alilolipanda karibu na choo ndilo mama alilokata vijiti akavipandikiza kaburini.

Mama hakulia mbele za watu. Kila jioni alichukua kopo la maji akayaosha majani yale, jani kwa jani, kuondoa vumbi. Huko ndiko kulikokuwa kulia kwake. Hata hivyo mawaridi yaliugua. Majani ya chini yalitoka madoa meusi, yakageuka manjano, yakadondoka. Siku ya kujengea kaburi kwa saruji ilipokaribia, vilikuwa vimebaki vijiti karibu vitupu vyenye miiba.

Shangazi, dada yake baba aliyeolewa upande wa Kenya, alifika kupitia mpakani Sirari akasimama pale mikono kiunoni.

"Wifi, hii maua unaiogesha kuliko watoto, na bado inakufa! Ng'oa, wamwage simiti."

"Ni sumu ya machimbo, shemeji," baba mdogo akamwambia mama. "Hakuna kitakachopona hapa."

Mimi nilifuta jani moja kwa gauni langu: vumbi lilitoka, madoa yakabaki. Nikaenda kulitazama lile waridi la chooni. Lilikuwa jeupe kwa vumbi kama lililomwagiwa unga, lakini chini ya vumbi jani lilikuwa kijani, halina doa hata moja. Udongo ulikuwa uleule, mche uleule, hewa ileile. Tofauti ilikuwa moja: hakuna aliyeliosha. Ya kaburini yalilala yamelowa kila usiku, na ukungu unaotia madoa hupenda jani lililolowa.

"Baba mdogo, ni maji," nilisema. "Nipe mwezi mmoja."

"Daktari Robi!" akacheka. "Haya, mwezi. Simiti haiozi."

Kilichokuwa kigumu ni kumwomba mama aache kuosha. Mwishowe aliweka kopo chini. Tuliokota majani yote yaliyodondoka, tukachuma yenye madoa, tukayachoma. Maji tuliyamwaga kwenye shina tu, asubuhi, jua likiwa linapanda. Vumbi tuliliacha. Machipukizi mekundu yakatoka, yakawa majani safi, na siku ya kujengea, mawaridi yalikuwa yamefunguka. Shangazi alipiga vigelegele hadi wachimbaji barabarani wakasimama. Baba mdogo alipanga mbao kuyazunguka mashina ili saruji isiyafikie.

Siku hizi karasha imenyamaza. Madukani kuna dawa za maua za kila aina, na watu hununua kabla hawajageuza jani. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na waliougua nyumbani kwetu baadaye sikuweza kuwaponya. Mama alifariki mwaka jana. Baba mdogo, sasa mzee wa mkongojo, ndiye aliyesimamia kaburi lake. Sikumwomba kitu. Nilipofika nilikuta ameshaacha nafasi katikati ya saruji, na udongo wake umelimwa tayari.