Barua Niliyoiweka Ndani ya Soksi

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi pale Mbinga, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili hunisisimka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu, kapteni wa timu ya mpira, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko cha mkuu wa chuo.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda milimani kwetu, na mitumba ilimwagika sokoni. Mwalimu wetu wa michezo alitununulia jezi kutoka kwenye robota. Tulipozikunjua tukacheka hadi tukakaa chini. Zilikuwa jezi za chuo fulani cha Marekani, za mchezo wao ule wa kukimbia na mpira uliochongoka kama yai, na mabega yake yangewatosha watu wawili. Tulizivaa hivyo hivyo. Msimu mzima hatukufungwa na mtu, mwanangu. Watu wakasema mabega yale yana dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa Aidani, kipa wetu, kijana mpole wa Kihagara, kule ziwani. Mimi wa Litembo kule milimani, yeye wa ziwani, tukalala chumba kimoja na kula sahani moja. Nilimpenda, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Basi siku ya fainali, tulikuwa tucheze saa nane na timu ya wanunuzi wa kahawa. Saa tano asubuhi nilikuwa napima mistari ya uwanja, akaja mama mmoja muuza dagaa, nikamwamkia.

“Marahaba, baba. Wewe unakaa na Aidani? Mpe hii. Mwambie lori la ziwani linaondoka saa saba, lisimwache.”

Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Ndiyo, niliisoma, barua ya mtu mwingine! Iliandikwa: “Aidani, njoo upesi. Baba hajisikii vizuri, anakuulizia.”

Sasa wewe unajua desturi yetu. Msiba hatuuandiki waziwazi. Mtu akiwa mbali tunamwambia fulani anaumwa kidogo, njoo, ili asianguke njiani. Barua kama hiyo kila mmoja wetu alijua kuisoma. Nikasema moyoni: mzee amekwishafariki. Na kama amefariki, saa chache hizi zitampunguzia nini? Acha Aidani acheze, tulitwae kombe, kisha nitamwambia polepole, na chuo kizima kitamsindikiza. Nilijiona nina busara, mwanangu. Nikaiweka barua ndani ya soksi.

Saa saba lori likapita nje ya uwanja likipiga honi. Aidani alikuwa anafunga kamba za viatu, akampungia mkono dereva, maana walifahamiana. Mimi nikatazama kwingine.

Tulishinda kwa penalti. Aidani alipangua mbili. Watu walimbeba, na mimi nikasubiri washangilie washibe ndipo nikampa karatasi, imelowa jasho langu.

Akaisoma. “Umepewa lini?”

“Mchana.”

“Kabla ya lori?”

Nikaitikia kwa kichwa. Aidani akatembea hadi barabarani na jezi yake ile yenye mabega makubwa, akasimama akiangalia upande wa ziwani, na siku hiyo halikupita gari jingine.

Kesho yake tulipata Land Rover, mimi, yeye na mwalimu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya rambirambi. Tulipoteremka Kihagara tukasikia kilio cha akina mama, na Mungu anisamehe, nilipumua. Nikasema moyoni, si unaona, nilijua.

Shangazi yake akaja kumpokea, akamkumbatia na jezi ile ile, hakuwa ameivua. “Umechelewa, baba,” akasema. “Ametutoka leo alfajiri.”

Leo! Nilidhani nimesikia vibaya. Nikauliza, “Shangazi, jana alikuwa hai?”

“Alikuwa hai. Alikunywa hata uji. Liliposikika lori jioni akataka tumketishe mlangoni, amwone mwanawe akishuka. Walishuka watu wote. Akasema labda amekaa nyuma kwenye mizigo, tusubiri kidogo.”

Nikaketi chini. Mwalimu akanishika mkono akidhani ni majonzi. Nikasema pale pale, mbele ya watu, kwamba barua nilikuwa nayo mimi tangu jana saa tano, na kwamba nilidhani mzee amekwishakufa.

Shangazi akanigeukia. Hakunifokea. Akaniuliza tu, “Kwani mwanangu, sisi tuliandika amekufa?”

Aidani hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi walilokuwa wameanza kulichimba, akarudi na jembe, akanikabidhi mkononi. “Chimba,” akasema.

Nilichimba hadi viganja vikachubuka. Tuliporudi chuoni hakusimama tena golini, na kombe lile sikuligusa tena. Alinisamehe baada ya miaka, akaja hata kwenye harusi yangu. Lakini mlango ule wa Kihagara, na mzee akitazama watu wakishuka kwenye lori, sijawahi kuusahau.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe mwenye simu mfukoni. Ukipewa ujumbe wa mtu, mfikishie kama ulivyokuja na saa ile ile uliyoupokea. Usimpimie mwenzako lini anaweza kuumia. Usimzike mtu kwa kubahatisha kwa sababu una shughuli zako. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mungu akupe miguu myepesi kila unapoitwa na wako, na siku utakapoketishwa mlangoni wewe, umtazamiaye awe wa kwanza kushuka.