Samadi ya Yungiyungi Siku ya Posa Yangu

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa sababu mtaa mzima hapa Bagamoyo umeshaisimulia na kila mtu ameongeza lake.

Sebuleni kwetu nilikuwa na tangi la samaki, la vioo, na ndani yake nimepanda yungiyungi kibete, lile dogo la majani mekundu, ambalo kiazi chake hukaa juu ya mchanga, nusu nje (ukikifukia chote kinaoza), na majani yanayokimbilia juu unayakata ili lijae majani chini. Asubuhi ya posa yangu nikaliona limepauka. Wageni walikuwa wanatoka Kaole, na miongoni mwao Bi Rukia, shangazi yake Hamidu aliyekuwa ananiposa, mwanamke ambaye akiingia nyumba ya watu hupitisha kidole juu ya kabati, na neno lake ndilo lingeamua kama naolewa au siolewi. Nikaona niliongezee ua langu chakula lipendeze: nikafunga samadi ya mbuzi ndani ya tonge la udongo, nikalichomeka chini ya mizizi. Tonge hutakiwa likauke kwanza, nalijua hilo, lakini nikasema aah, leo tu.

Wageni wakafika, shikamoo na marahaba zikapita, nami niko chumbani nyuma ya pazia, maana mposwa haonekani. Mara harufu. Nikachungulia: tonge limepasuka, pampu ya hewa inakoroga, maji yamekuwa kama chai ya maziwa, samaki wanahema juujuu. Mama akaongeza udi kwenye chetezo, na udi ulipochanganyika na samadi ikawa balaa zaidi.

"Mnafuga mbuzi humu ndani?" akauliza Bi Rukia, katulia kabisa.

"Hapana, dada," Mama akajibu. "Ni... ua."

"Ua!"

Sasa samaki wanakufa, posa inakufa, na anayejua kubadilisha maji ni mmoja tu, naye haruhusiwi kutoka. Nikajitanda khanga mpaka puani, nikatoka na ndoo na mpira wa maji, macho chini kama napita njia, nikatumbukiza mpira, nikauvuta kwa mdomo ili maji yashuke (ndivyo nilivyofanya siku zote), na kwa kiherehere nikavuta mno. Mdomo ukajaa. Nikatema, na yote yakatua kwenye miguu ya Bi Rukia, juu ya hina yake mpya.

Mshenga akaanza kuikunja barua ya posa.

Bi Rukia akaitazama miguu, akanitazama mimi ninavyochuruzika kidevu, akaangua kicheko mpaka mtandio ukamwanguka.

"Ikunjue hiyo barua, bwana we! Hamidu wetu soksi zake zimetuhamisha vyumba. Anayeweza kunywa samadi kwa ajili ya ua ndiye wa kumweza yule!"

Tumeoana. Bi Rukia kachukua chipukizi la yungiyungi, ana tangi lake huko Kaole, na kila akinipigia simu namwambia: samadi ni hiyohiyo, Shangazi, ila tonge likauke, na siku hiyo usialike mtu. Mimi mpira siutii tena mdomoni, wallahi. Anavuta Hamidu.