Mawese Kooni mwa Komanda

Bwana wangu Firmin ni munganga wa nyama, daktari wa mifugo, hapa Kalundu. Alisomea ng'ombe na mbuzi, lakini wanaomchosha ni hawa mbwa wadogo wanaolala ndani ya nyumba. Watu wanamcheka: "Binadamu wanakosa dawa, weye unapima imbwa homa!" Na mimi nimechoka kumwona akirudi jioni amenuna, anasukuma sahani pembeni, anasema ameshiba na wala hajala.

Kinachommaliza zaidi ni mawese. Huku kwetu mtu akishika koo tu, jirani ameshapata lawama: amemlisha sumu. Na dawa ya sumu kila mama anaijua tangu utotoni, mafuta ya mawese, mengi, kwa nguvu. Mbwa naye anapewa vilevile. Firmin amesema kanisani baada ya matangazo, amesema sokoni mpaka sauti ikamkauka: mnyama anayekabwa au anayetetemeka usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mfungue mdomo kwanza, uangalie. Na mifupa ya samaki usimtupie, jamani! Wanaitika "ndiyo, dokta," wanarudi nyumbani, na chupa ya mawese iko palepale karibu na mafiga.

Sasa, Jumamosi moja mchana tulisikia kelele ng'ambo ya barabara, kwa Mama Apollinarie. Huyu ni mjane kutoka Nyakabere. Watoto wake wametawanyika, na aliyebaki naye ni Komanda, kimbwa kisichozidi kuku kwa ukubwa, kinachobwekea hata padri. "Nikisema neno humu ndani," alikuwa akituambia, "huyu ndiye ananijibu."

Tulimkuta ameketi kwenye mkeka, Komanda mapajani, mdomo wote mwekundu kwa mafuta, ulimi umekuwa wa bluu. Wamama waliomzunguka walikuwa wanalia sumu, sumu, na macho yao yameshaelekea kwenye ua wa jirani. Firmin alimnyakua mbwa, akamwinua miguu ya nyuma, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Mafuta yakamwagika kwenye suruali yake. Akaupanua mdomo, akavuta ulimi, akaingiza koleo lake dogo, akatoa mfupa wa samaki, sangala. Kisha akamlaza ubavu, akaziba mdomo, akampulizia hewa puani, tena na tena. Puani yalitoka mapovu ya mawese tu. Mwishowe aliacha.

"Pole, Mama. Amekufa."

Mama Apollinarie hakulia. Alimshika mkono. "Lakini nilimpa mafuta mbio mbio, dokta. Nilifanya vizuri, si ndiyo?"

Nikamtazama mume wangu, yeye anayegombeza hata wakubwa kwa ajili ya mafuta hayo.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ulifanya yote."

Tulikuwa hatujafika barabarani, Mama Irambona, mmoja wa wale wamama, ameshaanza kutangaza: "Mumesikia? Dokta mwenyewe anasema mafuta iko muzuri!" Firmin akasimama. Nilimvuta shati, nikamwambia twende nyumbani, amwache mama wa watu aomboleze. Nilikuwa na hasira, na yeye, na wale wanawake, na mafuta yenyewe.

"Nimechoka, Nicole," akasema, halafu akageuka kurudi ndani.

Alichuchumaa mbele ya mkeka, wote wakisikia. "Mama, nimekudanganya. Sumu haikuwepo. Alikabwa na mfupa huu, na ungeweza kutoka. Mafuta ndiyo yalijaa mapafuni."

"Kwa hiyo ni minye nilimuua."

"Haukujua, Mama."

"Toka kwangu."

Tangu siku hiyo Mama Apollinarie hatusalimii. Kanisani akituona anahama benchi. Nilimlaumu Firmin, yoo, nilimlaumu sana! Ungenyamaza tu, ungepungukiwa nini? Mjane hana mtu, na hata ule uongo mdogo wa kulalia umemnyang'anya.

Jana akaja Espoir, yule anayeuza unite, vocha za simu, karibu na bandari, amembeba mbwa wake mchanga. Mbwa alikuwa anahema, mzima, mdomo mkavu bila tone la mafuta. Mfupa Espoir alikuwa ameshautoa mwenyewe, ameushika mkononi, alitaka tu Firmin aangalie koo kama limechanika.

"Nani alikufundisha?" Firmin akauliza.

"Mama Apollinarie. Kila nyumba yenye imbwa anaingia. Anasema, 'Minye niliua wangu na mafuta. Weye usiue wako.'"

Leo asubuhi nilikutana na Mama Apollinarie barabarani, nikamsalimu. Hakuitika.