Picha Iliyotunzwa Bila Kufunguliwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, na foleni imeshafika mlangoni. Ndani ya chumba chenye kompyuta moja kuukuu na viti vitatu, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Dada Fomu anamjazia mzee mmoja ombi la kitambulisho. Anapobonyeza kutuma, skrini inaonyesha namba ya ombi na tarehe. Anaipiga picha skrini hiyo, anaipandisha mtandaoni, kisha anamtumia mzee linki kwenye simu.

"Ifungue hapahapa, mzee wangu, nione," anamwambia.

Mzee ana haraka zake, keshashika kofia. Dada Fomu hamwachii mpaka picha itokee.

Ung'ang'anizi huo hakuzaliwa nao. Kwa miaka sita amekuwa akiwajazia watu fomu, wastani wa tisa kwa siku, na kwa kazi hiyo anasomesha wadogo zake wawili. Zamani alituma picha kwa meseji tu, lakini zilibanwa mpaka namba zikafifia. Mteja anafika ofisini, tatu inasomeka nane. Ndipo akaanza kusaka huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni.

Ya kwanza ilikuwa ya bure, ila ilipachika matangazo ya aibu kando ya picha. Shemeji yake, mtu na heshima zake, alifungua linki mbele ya wakwe, akampigia simu kwa sauti ya chini kuuliza kulikoni. Ya pili iliweka picha zote hadharani, yeyote akitaka anachungulia vitambulisho vya watu. Ya tatu haikuwa na matangazo wala gharama. Masharti yake yalikuwa marefu, naye alikuwa na wateja wanaosubiri, akakubali bila kuyamaliza. Huko mwishoni iliandikwa kwamba picha isiyofunguliwa kwa siku sitini inafutwa.

Kisha akaja mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Binti yake wa miaka saba ni kiziwi, naye alitaka nafasi katika shule ya bweni ya viziwi. Ombi lilitumwa mapema, linki akapewa. Muda ulipofika, shule ikasema haina ombi lake, ikataka uthibitisho. Fundi akatoa simu bila wasiwasi, akafungua linki kwa mara ya kwanza. Ilikuwa siku ya sabini na moja. Picha haikuwepo.

"Niliogopa kuifungua ovyo nisije nikaiharibu," anasema fundi. "Nikaitunza kwa ajili ya siku ya ofisini."

Nakala ya kwenye kompyuta nayo ilishafutwa, maana Dada Fomu husafisha mashine kila Ijumaa ili siri za wateja zisizagae.  Alipoambiwa, kesho yake alifunga chumba, akaongozana na fundi hadi shuleni, akaandika barua kwamba kosa ni lake, akaitia saini. Mwalimu mkuu aliwasikiliza vizuri tu, lakini nafasi zilikuwa zimejaa. Binti akawekwa kwenye orodha ya kusubiri, wa nne.

Siku hizi analipia huduma nyingine. Kabla ya kujiunga aliwaandikia swali moja: picha isipofunguliwa mwaka mzima, mtaifuta? Wakamjibu kwamba itakaa maadamu ada inalipwa, na kila picha itakuwa na nywila yake. Ada ya mwezi ni ujira wa fomu mbili. Alipohamisha picha za wateja, aligundua ishirini na tatu zimeshapotea. Akawapigia simu wenyewe mmoja mmoja. Wawili walimtukana, naye akaendelea na namba iliyofuata.

Kila Jumatatu anapiga simu shuleni kuulizia orodha. Wiki hii binti ni wa pili. Na kila jioni, akishafunga chumba, hupitia kwa fundi.

"Mama yake nilimwomba radhi, akanisamehe palepale, hata nikaona haya," anasema. "Lakini mwaka uliopotea ni wa mtoto. Yeye bado sijamwomba, kwa sababu sijui kusema kwa mikono kama wanavyoongea nyumbani kwao. Mama yake ananifundisha. Nataka siku akiitwa shule, awe ameshaombwa radhi na mimi mwenyewe."