Jina Langu Mungojee

Juzi mama mkwe alitaka binti yangu aitwe Mungojee, kama mimi. Nikasikia tena harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizoanikwa karibu na daraja la Rusizi.

Papa alivuka daraja hilo kwenda kuuza vitenge Bukavu nikiwa tumboni, vita ikamkuta huko. Utotoni nilidhani jina ni kazi niliyopewa, ya kumngojea. Alasiri moja nilikaa darajani tangu kutoka shule, sitaki hata kula. Maman akaja mbio.

"We mutoto, unafanya nini hapa?"

"Namungojea Papa. Si ndiyo mulinituma?"

Alinyanyua mkono anipige, akajifunika nao uso. Kumbe alikwisha kujua Papa ameuawa, na bado akaniacha niendelee kuitwa hivyo.

Basi juzi nikamwambia mama mkwe: "Huyu hatamungojea muntu."