Pua Haikuwa Idara Yake

Jina lake la utani lilikuwa Desimali. Alilipata sekondari, siku alipomsahihisha mwalimu ubaoni kwa sababu ya nukta moja iliyowekwa pabaya. Mwalimu alinuna, darasa likacheka, jina likaganda. Mimi nilikutana naye chuoni, tulipopangiwa chumba kimoja kwenye bweni la wasichana, wote wawili mwaka wa kwanza wa hisabati tumizi.

Shangazi yake aliposikia jina la kozi aliuliza, "Hisabati tumizi? Kwani ile nyingine haina matumizi?"

Desimali alicheka mpaka akashika mbavu. "Shangazi, ile nyingine watu wanaipenda ilivyo, kama ua. Yetu inatoka nje kwenda kufanya kazi. Maji yapite vipi kwenye bomba, ugonjwa utasambaa kwa kasi gani, mabasi yapangwe vipi watu wasikae kituoni wakiota mizizi."

"Basi utakuwa mwalimu," shangazi akahitimisha.

Kozi ilikuwa na meno. Kufikia mwaka wa pili wenzetu wengi walikuwa wamehamia biashara na sheria, na sisi tuliobaki tulikuwa na macho mekundu na vidole vyenye wino. Lakini Desimali alizama mapenzini na hesabu moja, ile ya mchanganyiko. Una vitu kadhaa vya bei tofauti, unataka kuvichanganya upate kitu chenye protini ya kutosha, mafuta yasiyozidi kiasi, maji yasiyozidi kiasi, na gharama iwe ndogo kuliko zote zinazowezekana. Unaandika masharti yako, unayapanga, kompyuta inakutafutia jibu. Siku moja alikuwa amelala kifudifudi kitandani, penseli mdomoni, akanigeuzia daftari. "Hebu ona inavyokaa," akasema. "Safi. Haina hata tone la uchafu."

Tulipohitimu tulitawanyika. Mmoja alikwenda kutabiri mvua, wawili benki, wengi kufundisha, kwa hiyo shangazi hakuwa amekosea sana. Mimi niliingia bima, ambako ninakadiria watu wataishi muda gani. Si kazi ya kusimulia wakati wa kula, ila wateja wangu wakishafika mwisho hawalalamiki. Desimali alisota nyumbani kwa mama yake, fundi cherehani, akikata nyuzi na kutia vifungo, mpaka kiwanda cha soseji kilipomwita.

Walimtaka kwa ile ile hesabu aliyoipenda. Alipewa ofisi ghorofani yenye kiyoyozi, zulia na dirisha lililotazama maegesho. Chini yake mashine zilisaga mchana kutwa, lakini alizisikia kwa miguu tu, mtetemo mdogo chini ya kiti. Malighafi zilimjia kama herufi kwenye skrini: N nyama, M mafuta, S unga wa soya, G ngozi. Kila herufi na bei yake, kila herufi na protini yake. Alizipanga, akapata mchanganyiko ambao hakuna aliyekuwa ameufikiria kabla yake, na gharama zikashuka kama ndoo kisimani. Meneja wa uzalishaji, mwanamume mwenye sauti ya upole na kucha zilizokatwa vizuri, alimsimamisha mbele ya mkutano akampigia makofi. Kila Ijumaa alipewa pakiti za kupeleka nyumbani. Mama yake alijaza friji, na zilizozidi akawagawia majirani. "Hizi kapika mwanangu kwa hesabu," aliwaambia.

Halafu ikaja herufi mpya. Meneja alimtumia ujumbe aiongeze R kwenye mchanganyiko. Bei yake ilikuwa karibu na bure. Protini yake nzuri. Desimali alipoiingiza, kompyuta iliikumbatia kama mtoto aliyepotea. Ilitaka R nyingi, na zaidi, na zaidi. Alipouliza ni nini, Meneja alimjibu, "Marejesho. Ni bidhaa yetu wenyewe, inarudi kutoka madukani."

Mchanganyiko ule ulisagwa kwa wiki tatu, na bado jibu hilo halikumtosha. Alivaa koti jeupe na kofia ya nailoni, akashuka ngazi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Aliponisimulia, alianza na harufu. Alisema haikuwa harufu ya kitu kilichooza tu. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza kikaogeshwa. Chumba cha nyuma kilikuwa na kreti zilizopangwa mpaka darini, zimejaa pakiti zilizovimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Wanawake wawili wenye mabuti walikuwa wakizipasua kwa visu. Kila pakiti ilipochanwa ilitoa pumzi, fyuu, na ute wa kijivu ukatiririka mpaka viwikoni mwao. Soseji zenyewe zilikuwa zinang'aa, zina madoa ya kijani, nyingine zimeota manyoya ya ukungu. Walizitupa kwenye pipa la maji ya siki, wakazisukasuka kwa mwiko mkubwa, wakaziopoa, wakazipeleka kwenye mashine ya kusaga. Juu ya maji yale lilielea povu zito la rangi ya usaha.

"Unatafuta nani, dada?" mmoja wao alimuuliza.

Desimali alitaka kujibu, mdomo ukamjaa mate ya chumvi. Alivua ile kofia ya nailoni haraka na kutapikia ndani yake. Mwanamke yule alimpokea kofia, akaitupa kwenye ndoo, akarudi kwenye kisu chake. Pembeni, inzi mmoja mnene wa kijani alikuwa amezama kwenye ule ute, anahangaika kujinasua. Hakuna aliyemtoa.

Alipanda juu moja kwa moja mpaka kwa Meneja.

"Ile ni takataka," alisema. "Mnaziosha siki na kuwarudishia watu!"

"Kaa, binti yangu. Maji unakunywa?"

"Sinywi chochote cha humu."

Meneja alitabasamu. "Sampuli zinapita maabara. Viungo vinaongezwa. Zinapikwa moto mkali. Hakuna aliyekufa."

"Zinanuka!"

"Wewe ni mtu wa hesabu," alisema kwa upole ule ule. "Pua siyo idara yako. Na tafadhali usisahau nani alituonyesha kwamba inawezekana. Mchanganyiko ni wako."

Alirudi kwenye skrini yake akayasoma masharti upya. Ilikuwa kweli. Kwenye masharti yake yote, protini, mafuta, maji, chumvi, hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kitu kisiwe kimeoza. Hakuna aliyeuandika kwa sababu hakuna aliyedhani unahitaji kuandikwa.

Alifika nyumbani jioni akakuta shangazi amekuja na mjukuu wake, mtoto wa kike mwenye pengo, na mama ameandaa meza. Katikati, soseji zimekaangwa zikapendeza. Mtoto alikuwa na moja mkononi, ameshaing'ata. Desimali alimpokonya, akachukua sahani nzima, akamwaga kwenye pipa la taka. Mtoto akaangua kilio.

"Umepatwa na nini wewe?" mama alifoka. "Chakula cha wageni!"

"Mama, msile. Naomba msile."

Akawaeleza. Hakupunguza kitu, siki, ute, wala inzi. Shangazi aliweka kanga mdomoni. Mama akaenda kwenye sinki, akatema, akasukutua, akatema tena. Aliporudi hakumtazama binti yake. "Nimewapa majirani," alisema. "Nimempa yule mjamzito wa nyumba ya pili. Nimempelekea kwa mkono wangu huu."

Asubuhi ilipofika, mama na binti walipita nyumba kwa nyumba wakiwaomba watu watupe walichonacho. Wengine walishukuru, wengine walicheka, na mmoja aliwaambia kuharibu jina la kiwanda cha watu kwa wivu haifai.

Desimali aliacha kazi siku hiyo hiyo. Alikwenda ofisi ya ukaguzi wa vyakula, akaandika maelezo, akasaini. Mkaguzi alikwenda kiwandani baada ya wiki moja na simu mbili za kuwaarifu kwamba anakuja. Alikuta chumba cha nyuma kimepakwa rangi mpya. Wanawake wenye mabuti walikuwa wamepewa likizo. Desimali alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, akamwona mkaguzi akitoka getini na katoni kwapani, akiwa anatafuna. 

Kitu kimoja tu kilifanikiwa. Alimfuata msimamizi wa jiko la hospitali kubwa, mteja wa kiwanda, mama mnene asiyependa maneno mengi. Hakumpa nadharia. Alimwomba achane pakiti moja, aioshe soseji kwa maji ya moto mpaka viungo vitoke, kisha ainuse. Yule mama alinusa, akafunga macho. Mkataba ulikatwa, na wagonjwa wakaanza kupewa mayai.

Kiwanda bado kinasaga. Meneja alipandishwa cheo. Kiti cha Desimali amekikalia msichana aliyehitimu nyuma yetu, mwenye akili kama wembe, na aliwahi kumpigia simu kumuuliza jinsi hesabu ya mchanganyiko ilivyoandikwa. Desimali alimwambia, "Shuka chini kwanza ukaone, halafu nipigie." Hakupiga tena.

Siku hizi Desimali yuko shirika la maji taka. Anakokotoa mabomba yapitishe kiasi gani mvua ikinyesha, uchafu usirudi majumbani kwa watu. Mabuti yake yananuka na hajali. Nyama hali, wala haketi meza moja na anayekula soseji, hata akiwa bosi wake.

Mwezi uliopita tulikula maharage kwangu, nikamuuliza kama kinyaa kimepungua.

"Nyama nitaizoea siku moja," alisema. Akasukuma sahani. "Kinachonichefua ni kwamba niliipenda. Ile hesabu yenye R ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Mpaka leo nikiifikiria naona ni nzuri, halafu nataka kutapika."

 Simu yake ikaita. Bomba lilikuwa limepasuka karibu na shule. Akavaa mabuti, akachukua kofia ngumu, akatoka.