Mlima wa Bei Rahisi

Kabla hajajua skii zinavaliwa upande gani, Ndeshi alikuwa tayari anazijua njia nyingi za kufa juu yake. Hilo lilitokana na kazi. Kwa miaka tisa alikaa ghorofa ya nne ya jengo moja la vioo huko Irving, Texas, akiisomea kampuni ya bima ya maisha madai ya watu waliokufa. Faili liliingia asubuhi. Yeye alisoma cheti cha kifo, ripoti ya polisi na maelezo ya mjane, kisha akaamua kama marehemu alikufa kwa namna iliyoruhusiwa na mkataba. Alikuwa hodari. Wajane wasingempenda, lakini hawakuwahi kulijua jina lake.

Meza ya mbele yake alikaa Fidèle, Mkongomani wa Bukavu, ambaye alisoma madai ya ulemavu na kwa hiyo alikuwa mtu mwenye matumaini zaidi. Mwaka 2018 liliingia faili la bwana mmoja aliyeanguka na ngazi nyumbani kwake, akiwa peke yake, akakaa sakafuni siku nne. Kwenye fomu yake ya bima, pale panapoulizwa nani apigiwe simu likitokea la kutokea, alikuwa ameandika namba yake mwenyewe. Ndeshi akamwonyesha Fidèle.

"Tumupigie," alisema Fidèle bila kuinua macho. "Kama anajibu, dossier imefungwa."

Walicheka mpaka msimamizi akachungulia.

Novemba 2019 kampuni ikagundua kwamba wafu wanaweza kusomwa kwa gharama ndogo zaidi katika jimbo jingine. Idara nzima ikapewa mshahara wa miezi mitatu na boksi la kubebea vikombe. Watanzania wa Lewisville, ambako Ndeshi alipanga chumba na sebule, walikuwa na mawazo ya kutosha kwa niaba yake: asomee uuguzi, anunue gari aendeshe abiria, aende nyumbani akasalimie. Ndeshi aliwashukuru wote. Alikuwa ameshaamua kuitumia miezi ile mitatu kuteleza kwenye theluji.

Kutoka jikoni kwa mama yake, Machame, mawingu yakifunguka unaiona theluji ya Kibo. Alikua akiiona kila asubuhi akiosha vikombe, na akafikisha miaka arobaini na moja hajawahi kuikanyaga. Wamarekani walipomuuliza anatoka wapi naye akataja Kilimanjaro, waliuliza kama ameupanda. Alikuwa amechoka kusema hapana.

Akachagua mlima kama alivyosoma mafaili. Alifungua kompyuta akachora jedwali: bei ya pasi ya kuteleza msimu mzima, bei ya kitanda, basi, kiasi cha theluji, na safu ya mwisho ya hasara. New Mexico ilikuwa karibu, safari ya siku moja kwa gari, lakini kwa sababu hiyohiyo nusu ya Texas huenda huko, na katika nusu hiyo angetosha mtu mmoja tu anayemfahamu kuipeleka habari Lewisville. Colorado kitanda cha usiku mmoja kilikaribia kodi yake ya wiki mbili, na bakuli la supu liliuzwa kwa bei ya kuku mzima. Ikabaki Hollis Basin, kaskazini ya Idaho, jirani na Kanada. Pasi ilikuwa ya bei ya kutupa kwa atakayenunua kabla ya Desemba. Hosteli ilikuwa na vitanda vya juu na chini vinavyolipiwa kwa wiki. Basi la bure lilipandisha watu mlimani asubuhi na kuwateremsha jioni. Theluji ilikuwa nyingi kuliko kwingine kote kwenye jedwali, na foleni haikuwapo.

Kwenye safu ya hasara aliandika: mbali, simu haishiki mlimani, miti mingi.

Hilo la tatu alilisoma mara mbili. Misonobari ya huko ina matawi yanayofika chini, nayo huizuia theluji isishindiliwe kuzunguka shina. Panabaki shimo lililojaa theluji laini, juu pamesawazika kama kitanda kilichotandikwa. Mtu akipita karibu mno hutumbukia kichwa kwanza, theluji ikamfunika, na kila anapojitupa huzidi kuzama. Ndeshi aliwahi kusoma mafaili matatu ya namna hiyo. Yote yalikuwa na sentensi moja inayofanana: marehemu hakuwa na mwenzake. Alipitisha malipo ya yote matatu, kwa kuwa mkataba ulikuwa wazi.

Kila kilichoufanya mlima ule uwe rahisi ndicho kilichomfanya mtu asionekane akiwa juu yake. Jedwali halikuwa na safu ya jambo hilo. Akanunua pasi, isiyorudishwa.

Sasa lilibaki suala la kuaga, na hapa inabidi kuwaelewa watu wake. Miongoni mwao safari haitangazwi. Mtu hasemi ameomba viza mpaka viza iwe kwenye pasipoti. Hasemi ananunua nyumba mpaka amekabidhiwa funguo, na mimba husemwa pale ambapo kila mtu ameshaiona. Theodora, jirani yake na katibu wa umoja wa Watanzania pale Lewisville, aliwahi kuitangaza mapema tarehe ya usaili wake wa uhamiaji, na usaili ukaahirishwa mara mbili. Hakuna aliyesema ni kijicho. Walisema tu kwamba yeye naye ana mdomo.

Na safari yenyewe ilikuwa hii: mwanamke mzima, hana kazi, hana mume, anakwenda kucheza kwenye baridi. Ndeshi aliyasikia maneno yao kabla hawajayatamka. Akamwambia Theodora kwamba mwaka mpya ukiingia anakwenda Houston, kwa dada yake Prudensia, atakayefanyiwa upasuaji wa goti na atahitaji mtu wa kumsaidia. Theodora akampa pole na mfuko wa dagaa wa kumpelekea mgonjwa.

Prudensia alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, mtu wa pekee wa damu yake upande huu wa bahari, na magoti yake yote mawili yalikuwa salama. Huyo Ndeshi alimwambia kwamba amepata kazi mpya hapohapo Lewisville, siku sita kwa wiki, mahali ambapo simu hukusanywa mlangoni.

Hivyo akishaondoka, Lewisville ingejua yuko Houston, na Houston ingejua yuko Lewisville. Watu wa miji hiyo miwili hupigiana kwenye harusi na misiba tu, na msimu ule haukuwa na chochote. Ndeshi aliuona mpango wake umekaa vizuri. Angelikuta jambo kama hilo ndani ya faili, angelipigia mstari mwekundu.

Krismasi Prudensia alimwita Houston. Ndeshi akajibu kwamba yuko zamu. Ukweli ni kwamba alikuwa sebuleni kwake, amevaa viatu vya skii alivyonunua mtumba, akijifunza kutembea kutoka kochi hadi friji huku akinywa uji. Kesho yake alimpigia dada yake akamsimulia Krismasi ya kazini: pilau baridi kwenye chumba cha mapumziko, microwave mbovu, na kwamba alilia kidogo. Kile kilio kilimjia tu wakati anasimulia, akaona kinafaa.

Alifika Hollis Basin wiki ya pili ya Januari. Duka la kukodisha skii lilimpa fomu ya kujaza. Jina. Uzito. Uwezo: hakuna. Nani apigiwe simu likitokea la kutokea. Kalamu ikasimama. Akiandika namba ya Prudensia, mtu yeyote mwenye sauti nzuri angeweza kupiga Houston kwa jambo dogo tu na siri yote ikamwagika. Ya Theodora, hata kufikiria hakufikiria. Nyuma yake mtu akakohoa. Ndeshi akaandika namba yake mwenyewe, akasaini, akapewa skii. Alimkumbuka Fidèle pale alipokuwa tayari kwenye lifti, viti vinaning'inia kwenye waya, na chini yake miti tu.

Wiki mbili za kwanza alijifunza pamoja na watoto wa miaka sita, ambao walianguka kama mito ya kulalia na kuinuka wakicheka. Yeye alianguka kama kabati. Lakini alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, na katikati ya Februari alikuwa akishuka miteremko ya kati bila kumwomba Mungu kwa sauti. Alirudi hosteli jioni, akapika ugali wa unga wa mahindi wa Kimexico, akala dagaa wa goti la Prudensia. Televisheni ya jikoni ilikuwa imeanza kuutaja ugonjwa mpya wa mbali, na kila mara mtu mmoja alibadilisha stesheni. Jumapili alimpigia dada yake akilalamikia kazi. Kuna siku alishika mlango wa basi akageuka, akaona alama za skii zake za dakika chache zilizopita zimeshafutika. Alipenda kuona hivyo. Alijiambia ni usafi.

Tarehe ishirini na mbili theluji ilishuka usiku kucha na kuendelea asubuhi. Ndeshi alipanda lifti ya kwanza. Saa nne hivi, kwenye mteremko alioshuka mara ishirini, skii ya kushoto ilikwenda isikotakiwa, akaingia ukingoni mwa miti, na kitanda kilichotandikwa kikafunguka.

Kilichofuata alikijua kwa mpangilio wake. Kichwa chini. Mikono imebanwa. Kimya, kisha sauti ya pumzi yake mwenyewe ikiwa karibu kuliko inavyopaswa kuwa. Hakujitupa, kwa sababu mafaili yalisema usijitupe. Kwa mkono mmoja alitengeneza nafasi mbele ya mdomo, kwa mwingine akashika tawi. Halafu akaanza kuhesabu nani angemtafuta. Hosteli ilikuwa imelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Theodora angesema: yuko kwa dada yake, anauguza. Prudensia angesema: yuko kazini, simu wanawanyang'anya. Wangeweza kuishi hivyo kwa wiki kadhaa, kila mmoja akimsifu kwa bidii. Na siku ambayo mtu wa mlima angefungua fomu yake na kupiga namba, simu ingeita humu ndani, kifuani mwake, kama ingekuwa inashika.

Mtu wa doria ya uokoaji ya mlima aliyepita aliona ncha ya skii imetokeza. Alichimba kwa dakika sita. Baadaye alisema si kawaida yake kupita upande ule.

Kibandani kwa doria, chini ambako mtandao ulikuwapo, alimfunika blanketi mbili na kueleza utaratibu: aliyefukuliwa haachiwi aondoke mpaka ndugu yake ajulishwe, maana madhara ya kichwani huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Akavuta fomu, akapiga namba. Simu ikalia ndani ya koti la Ndeshi. Ikalia mara mbili, kisha baridi ikaimaliza betri na ikazima. Yule mtu alilitazama koti, akamtazama yeye, akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine.

Namba ya Prudensia ndiyo pekee aliyoijua kwa moyo. Mtu wa doria akapiga kwa simu ya kibandani, akafika kwenye neno ajali, na Prudensia akakata simu. Ndeshi alielewa. Mwaka 2018 Prudensia alipigiwa na mtu aliyejidai kuwa ni mpwa wake aliye rumande Galveston, na alikuwa ameshafika kaunta ya duka, mkononi kadi za zawadi alizoambiwa azitume kama dhamana, ndipo mpwa mwenyewe akapiga kuomba mapishi ya maandazi. Tangu siku hiyo namba ngeni haikupita kwake bila mtihani. Ndeshi akaomba apige mwenyewe.

"Da' Pru, ni mimi Ndeshi. Nimeanguka. Niko Idaho."

"Hata Kiswahili siku hizi mnajifunza," alisema Prudensia. "Haya. Krismasi ulikuwa wapi, na ulikula nini?"

Meno yalikuwa yanagongana hata sauti yake ikawa ya mtu mwingine. Kwa miezi mitatu hakuwa amemwambia mtu neno moja la kweli, na sasa alitamani kulisema kuliko alivyotamani chai.

"Nyumbani, dada. Peke yangu. Nilikunywa uji, nimevaa viatu vya skii."

"Mdogo wangu alikuwa kazini," alisema Prudensia. "Tafuta mwingine wa kumwibia."

Akakata simu. Mtu wa doria alikuwa ameishika kalamu juu ya fomu. Huko juu theluji ilikuwa inajaza shimo, na kutoka dirishani hata mteremko wenyewe haukuonekana tena. Ndeshi akapiga tena. Hakusubiri swali.

"Nilikuwa zamu. Nilikula pilau baridi kwenye chumba cha mapumziko. Microwave ilikuwa mbovu."

Safari hii Prudensia hakukata simu. "Na?"

"Na nikalia kidogo."

"Yesu na Maria," alisema Prudensia taratibu. "Ni wewe kweli. Uko wapi, mdogo wangu?"

Ndeshi akamwambia: jimbo, mlima, hosteli, namba ya kitanda, mti. Akaeleza ya Houston na ya Lewisville, ya kazi isiyokuwapo, ya goti. Alieleza mpaka mtu wa doria, ambaye hakuelewa neno, akaweka kalamu chini. Kisha akamwomba dada yake awaambie watu: Theodora, umoja mzima, mama huko Machame, kila mtu ajue yuko wapi.

Prudensia alivuta pumzi. Alikuwa analia, na alikuwa ameshaanza kupanga.

"Pumzika. Usiwaze kitu," alisema. "Mpaka utakaporudi salama, sitamwambia mtu yeyote."